Bei ya Mcheza Mpira na Kelele za Washabiki



Jioni moja, baada ya darsa, wanafunzi wangu wawili walibaki msikitini wakibishana kwa sauti ya chini. Nilipowauliza wana nini, mkubwa wao akasema: "Sheikhe, huyu mwenzangu anasema kumnunua mchezaji ni haramu, kwa kuwa mtu huru hauzwi." Mwenziwe akadakia: "Sikusema wote, Sheikhe. Nimesema wale walionunuliwa na timu yake yeye."

Tukacheka, lakini swali likabaki. Kwani kijana yule, pasina kujua, alikuwa ameligusa jambo lenye umri wa zaidi ya miaka mia moja. Watu huzilalamikia fedha za mpira tangu zamani, na mlalamikaji hutazama kwanza rangi ya fulana, ndipo atazame kiasi cha fedha. Nikaona ni bora niieleze habari hii tangu asili yake, ili mwenye kutaka kuhukumu ahukumu kwa ujuzi.

Mpira wa miguu kwa kanuni hizi tuzijuazo ulitengenezwa Uingereza, na mwanzo wake ulikuwa mchezo wa watu wasiolipwa. Mwaka 1885 Chama cha Mpira cha huko kiliruhusu wachezaji walipwe, na mwaka 1888 ikaundwa Ligi ya klabu 12. Klabu hizo zikaingiwa na hofu kwamba matajiri watawachukua wachezaji wote wazuri kila mwisho wa msimu. Basi mwaka 1893 ikawekwa kanuni kuwa mchezaji akishaandikishwa na klabu moja hawezi kuchezea nyingine katika Ligi mpaka ile ya kwanza imwachie. Hapo ndipo penye mzizi wa maneno yote haya. Klabu haikummiliki mtu, ilimiliki karatasi yenye jina lake. Lakini mtu yule hakuwa na kazi nyingine aijuayo, basi aliyeishika karatasi alikuwa amemshika na mwenyewe. Mwaka ule ule 1893 klabu ya Aston Villa ya mjini Birmingham iliwapa jirani zao West Bromwich Albion pauni 100 ili wamwachie Mskoti mmoja aitwaye Willie Groves. Msomaji alishike jina hilo la Aston Villa, tutalirudia.

Kelele kubwa hasa zilianza mwezi wa Februari 1905. Klabu ya Middlesbrough ilikuwa ukingoni mwa kuteremka daraja. Viongozi wake wakaenda kwa Sunderland wakatoa pauni 1,000 kwa ajili ya mshambuliaji Alf Common. Fedha kama hizo hazikuwahi kutolewa kwa mcheza mpira yeyote. Tangu mwaka 1901 mshahara wa mchezaji ulikuwa umewekewa kikomo cha pauni 4 kwa wiki, kwa hiyo pauni 1,000 ni mshahara wa karibu miaka 5. Magazeti yakachachamaa. Wako waliosema kuwa huko ni kufanya biashara ya nyama na damu ya watu, na wako waliosema kuwa ni heshima zaidi kuteremka daraja kuliko kubaki juu kwa nguvu ya mfuko. Maneno hayo ukiyasikia leo huyajui kama ni ya 1905 au ya juzi.

Sasa tazama yaliyofuata. Mechi yake ya kwanza Common alicheza ugenini, kwa Sheffield United, akafunga penalti na timu yake ikashinda 1-0. Middlesbrough walikuwa hawajashinda ugenini kwa karibu miaka 2. Mwisho wa msimu wakanusurika. Na klabu nyingine hazikuisikiliza ile aibu ya magazetini. Ziliutazama msimamo wa ligi. Mnamo Januari 1908 Chama cha Mpira kilijaribu kuweka kikomo, kwamba hakuna mchezaji atakayehamishwa kwa zaidi ya pauni 350. Kikomo hicho hakikuishi hata miezi minne kamili. Klabu zilikuwa zikimtaka mchezaji mmoja hodari, zinaandikiana kuwa zimewanunua wawili au watatu, mmoja hodari na wengine dhaifu, kila mmoja kwa pauni 350, na hesabu inatimia. Hila za watu wa soko ni zile zile popote ulimwenguni. Ama Common mwenyewe, mwaka 1910 aliuzwa Woolwich Arsenal kwa bei isiyofika hata nusu ya ile, na alipoacha mpira akawa mwenye nyumba ya kuuzia pombe. Allah atunusuru.

Lakini kuna jambo ambalo wale waliopiga kelele hawakuliuliza, na hata leo ni wachache waliulizao. Katika pauni 1,000 zile, Common alipata ngapi? Kanuni ya wakati ule ilimruhusu mchezaji kupewa pauni 10 kwa kutia saini, si zaidi. Kumi katika elfu moja!

Hapa ndipo Mwislamu anapopaswa kusimama. Imepokewa na Imamu Bukhari hadithi ambayo ndani yake Mwenyezi Mungu anawataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Mmoja ni mwenye kutoa ahadi kwa jina Lake kisha akahini, wa pili ni mwenye kumwuza mtu huru akala thamani yake, na wa tatu ni mwenye kumwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Sisi watu wa pwani neno la kuuza watu hatulichukui kwa mzaha. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na wazee waliotulea sisi walilelewa na watu waliolijua. Kwa hiyo simwungi mkono mwenye kusema kuwa mcheza mpira ni mtumwa. Mtumwa wa Unguja hakupewa pauni 4 kwa wiki, wala hakwenda kwake jioni. Lakini hadithi haikusimama kwa yule mwenye kuuza shingo peke yake, imewataja na wenye kula jasho la mtu. Na kanuni ile ya Waingereza iliwala watu jasho kwa miaka 70. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Ukisha, klabu ikitaka iliweza kumbakiza mchezaji katika orodha yake bila ya kumlipa, na wala asiweze kwenda kucheza klabu nyingine ya Ligi.

Aliyeivunja ni George Eastham. Alitaka kuondoka Newcastle United, wakamkatalia. Akaacha kucheza, akafanya kazi ya kuuza vizibo kwa miezi kadhaa, mpaka Oktoba 1960 alipoachiwa kwenda Arsenal kwa pauni 47,500. Angeweza kunyamaza, kwani alikwisha kupata alichokitaka. Hakunyamaza. Kesi yake ikaendelea mahakamani, na mwaka 1963 Jaji Wilberforce akatoa hukumu kuwa kumbakiza mtu namna ile ni kumzuia kufanya kazi yake pasipo haki. Miaka 2 kabla yake, 1961, kile kikomo cha mshahara kilikuwa kimeondolewa baada ya wachezaji kutishia kugoma. Kilikuwa kimefika pauni 20 kwa wiki. Mara Johnny Haynes wa Fulham akapewa pauni 100.

Nimeruka kisa kimoja, nakirudia kwa kuwa kina faida. Mwaka 1928 Arsenal ilimtaka David Jack wa Bolton, na Bolton wakataja pauni 13,000. Meneja wa Arsenal, Herbert Chapman, akaagana nao wakutane katika hoteli London. Bob Wall, aliyekuwa msaidizi wake, alikuja kusimulia kuwa Chapman aliwahi mapema akamwambia mhudumu: wageni wangu wape pombe maradufu, na mimi glasi yangu isitiwe pombe hata tone. Bolton wakanywa wakachangamka, na bei ikashuka hadi pauni 10,890. Mkuu wa Chama cha Mpira akatangaza kuwa hakuna mchezaji duniani mwenye thamani hiyo. Kwa maoni yangu yeye alikuwa akiitazama bei tu. Mimi namtazama mtu mzima aliyekwenda katika biashara kubwa kama ile akakubali kuondolewa akili yake.

Mwezi wa Februari 1979 ikavukwa milioni. Nottingham Forest ilimchukua Trevor Francis kutoka Birmingham City, na meneja Brian Clough alipenda kusema kuwa bei yenyewe ilikuwa pauni 999,999, asije kijana yule akajiona. Mwezi wa Mei mwaka ule ule Francis akafunga bao pekee katika fainali ya Kombe la Ulaya mjini Munich. Watu wakaona: kumbe dawa ni kununua! Mwezi wa Septemba Manchester City wakatoa zaidi ya pauni milioni 1.4 kwa Steve Daley wa Wolverhampton Wanderers, na Wolverhampton nao katika siku hizo hizo wakazichukua fedha hizo wakamnunua Andy Gray kwa karibu milioni 1.5, huku wakiwa na deni la jukwaa jipya la uwanja. Mwaka 1982 Wolverhampton walikuwa mikononi mwa wadai, na mwaka 1986 walikuwa daraja la nne. Manchester City waliteremka daraja mwaka 1983. Washabiki waliomshangilia Daley siku ya kuja ndio waliomzomea.

Kisa cha Mbelgiji Jean-Marc Bosman kinajulikana, sitakirefusha. Mkataba wake na klabu ya Liège ulikwisha mwaka 1990, klabu ikamzuia kuhamia Ufaransa mpaka ilipwe, na mnamo Desemba 15, 1995 Mahakama ya Ulaya ikaamua kuwa mkataba ukisha, mtu anakwenda zake pasina klabu kudai chochote. Ilikuwa haki. Lakini fedha hazikupungua. Zilihama kutoka mifuko ya klabu zikaingia katika mishahara na kwa mawakala. Na tangu 1992, ilipoanzishwa Ligi Kuu ya Uingereza kwa fedha za televisheni, anayelipa si tena mtu wa Middlesbrough anayekwenda uwanjani kwa miguu. Anayelipa ni pamoja na kijana wa Tanga, wa Malindi na wa Unguja, anayetoa kiingilio chake katika kibanda umiza kila Jumamosi, au baba mwenye king'amuzi nyumbani anayekilipia kila mwezi. Kwa hiyo yule anayesema "sisi tumemnunua fulani" hasemi uwongo mtupu. Ametoa chake. Tofauti ni kwamba hakuna aliyemwuliza kitumike vipi.

Wala sikusudii hapa kuzungumzia kamari ya mpira, ambayo uharamu wake hauhitaji makala. Itoshe kusema kuwa klabu za Ligi Kuu zenyewe zilikubaliana Aprili 2023 kuyaondoa majina ya makampuni ya kamari kifuani mwa fulana zao ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Ikiwa wao wameona haya, sisi je?

Nakuja katika jambo zito zaidi kwetu. Mwaka 2008 Manchester City ilinunuliwa na Sheikh Mansour wa Abu Dhabi. Mwaka 2011 Paris Saint-Germain ikachukuliwa na shirika la Qatar, na mwezi wa Agosti 2017 klabu hiyo ikatoa euro milioni 222 kumtoa Neymar Barcelona, bei ambayo haikuwahi kufikiwa kabla yake. Mwaka 2021 Newcastle United, ile ile iliyomzuia Eastham, ikanunuliwa na kundi linaloongozwa na mfuko wa Serikali ya Saudia. Washabiki wa Newcastle wakajaa barabarani kwa furaha, baadhi yao wamevaa kanzu na vilemba vya Kiarabu, mpaka klabu ikawaomba wayaache mavazi hayo wasije wakawaudhi watu. Klabu nyingine zikapiga kelele kuwa mpira umeharibiwa kwa fedha. Katika waliopiga kelele wapo waliokuwa wakinunua bila ya kuhesabu miaka yote, walipopata wa kuwazidi ndipo walipoiona israfu. Nyani haoni kundule.

Na huku kwetu nimewasikia vijana, na watu wazima pia, wakitamba barazani kuwa Waislamu wamezinunua timu za Wazungu, kana kwamba ni futuhu. Ndugu zangu, simhukumu mtu kwa jina lake, wala sijui mizani ya amali ya yeyote. Ninachokijua ni kwamba Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mja ataulizwa juu ya mali yake mara mbili, alikoichuma na alikoitumia, na Mwenyezi Mungu katika Suratul Israa amewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani pasina kuwatenga wenye majina ya Kiislamu. Aliyetoa pauni 1,000 mwaka 1905 na aliyetoa euro milioni 222 mwaka 2017 wataulizwa swali moja. Na atakayetoa shilingi elfu za kiingilio na nyumbani hakuna mafuta ya taa ataulizwa lilo hilo.

Basi wanafunzi wangu niliwajibu hivi. Mtu huru hana bei, na lau mtu angemwuza mtu, hiyo ni dhambi kubwa hata kama aliyeuzwa anacheka. Lakini kilipwacho leo ni fidia ya kuuvunja mkataba kabla ya muda wake, na mchezaji mwenyewe lazima aridhie na atie saini. Jambo hili liko karibu na mlango wa ijara kuliko mlango wa kuuza na kununua, na mimi sioni uharamu katika asili yake. Ubaya huingia kwa riba, kwa hila, kwa israfu na kwa kumnyima mtu haki yake. Na neno hili "tumemnunua", ni bora tuliache. Yule mdogo akauliza: "Na Samatta, Sheikhe?"

Nikakiri. Mwezi wa Januari 2020 Mbwana Samatta, kijana wa Dar es Salaam, alitoka Genk ya Ubelgiji akaingia Aston Villa, ile ile ya pauni 100 za mwaka 1893, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Bei iliyotajwa ilikuwa baina ya pauni milioni 8 na nusu na milioni 10. Mimi ambaye nimekwisha kuandika haya yote nilifurahi, na sikumsikia mtu hata mmoja wa mtaani kwetu akisema kuwa fedha zimezidi. Machi 1 mwaka huo alifunga kwa kichwa katika fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, ingawa Manchester City walishinda 2-1. Mwezi wa Septemba alikuwa keshapelekwa Uturuki.

Jambo ambalo hatukuliuliza barazani ni hili. Tangu 2001 kanuni za FIFA zinasema kuwa mchezaji akihama kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa fedha, na mkataba wake haujesha, asilimia 5 ya fedha hizo zigawanywe kwa klabu zilizomlea baina ya miaka 12 na 23. Asilimia 5 ya pauni milioni 8 na nusu ni pauni 425,000. Samatta alipita African Lyon na Simba kabla ya kwenda TP Mazembe ya Kongo mwaka 2011. Klabu ya namna hiyo hupata fungu lake kwa karatasi, yaani iwe inaweza kuonyesha kuwa kijana aliandikishwa kwake tarehe fulani mpaka tarehe fulani. Nimeziona klabu za mitaani pwani hii ambazo wachezaji wake hawajulikani ila kwa majina ya utani, na daftari hakuna. Tunajua kwa moyo bei ya kila mchezaji wa London, na haki ya jirani yetu aliyemfundisha mtoto mpira peku, hatujui kuwa ipo.

Nimalizie kwa wale ambao rai yao juu ya fedha hizi iliwagharimu kitu. Leeds United ilikopa pauni milioni 60 kwa dhamana ya viingilio vya miaka 25 ijayo, yaani ilikopa kwa mifuko ya watoto ambao hawajazaliwa. Mwaka 2001 ilicheza nusu fainali ya Ulaya, na washabiki hawakuuliza kitu. Ilipokuja kukaguliwa ikaonekana klabu ilikuwa hata ikilipia kodi ya samaki wa kupambia ofisi. Mwaka 2004 iliteremka, na mwaka 2007 ikawa daraja la tatu. Ama Manchester United, iliponunuliwa na ukoo wa Glazer mwaka 2005 na deni la ununuzi wenyewe likabandikwa juu ya klabu, washabiki wengi walinung'unika kisha wakaendelea kukata tiketi. Wachache waliondoka. Wakaunda klabu yao, FC United of Manchester, wakaanza madaraja ya chini kabisa, kila mwanachama na kura yake moja.

Si mbali na hapo upo mji wa Bury. Klabu yake ilianzishwa mwaka 1885, mwaka ule ule wachezaji walioruhusiwa kulipwa, na iliwahi kuchukua Kombe la FA mara 2, 1900 na 1903. Kwa miaka mingi ilitumia kuliko ilivyokuwa ikichuma, mpaka mwishoni mwa 2018 ikauzwa kwa pauni 1. Msimu ule timu ilipanda daraja hali ya kuwa wachezaji hawajalipwa mishahara, na msomaji aikumbuke ile hadithi. Mwezi wa Agosti 2019 ikasemwa kuwa amepatikana mnunuzi. Washabiki kwa mamia wakaenda uwanjani Gigg Lane na mifagio na ndoo, wakafuta viti na kupalilia majani ili mechi iweze kuchezwa. Mnunuzi akajitoa, na usiku wa Agosti 27 klabu ikafukuzwa katika ligi. Mwaka 2022 watu wale wale wakauchangia uwanja, na kwa msaada wa Serikali wakaununua. Mwaka 2023 wakapiga kura, makundi yao mawili yakaungana, na Bury ikarudi kucheza Gigg Lane katika ligi ndogo ya kaskazini magharibi, mali ya washabiki wenyewe.